Penalti ile haikuwa haki yetu

Jumapili moja ya mwezi Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imeshika kweli kweli, mwanetu wa pili alirejea nyumbani kwetu Iyunga akiwa na mfuko wa nyama ya mbuzi. Timu ya vijana wa mtaa wetu ilikuwa imetwaa ubingwa wa mashindano ya likizo, na mbuzi wa zawadi alikuwa amekwisha kuchinjwa na kugawanywa. Nyumba nzima tuliinuka kumpongeza. Sisi wenyewe tulikuwa kiwanjani alasiri hiyo, tuliishuhudia penalti ya dakika za mwisho, tukashangilia hadi makoo yakakauka. Lakini kijana aliiweka nyama jikoni, akasema kichwa kinamuuma, akaingia chumbani.

Nyama ikapikwa kwa ndizi, tukala. Alipoitwa kula alisema ameshiba. Kijana wa miaka 14, aliyekimbia kiwanjani mchana kutwa katika baridi ile, ameshiba nini?

Sisi tunaoandika haya ni baba na mama yake. Tumeafikiana kuyasema kwa kauli moja kwa sababu, kama msomaji atakavyoona, kosa lilitendwa na mtoto kiwanjani, lakini lililelewa na sisi wawili sebuleni.

HAKUNIGUSA

Baada ya swala ya Isha mama alimfuata chumbani. Alidhani kijana ameumia, kwa kuwa mchana alionekana akigaagaa huku ameshika kifundo cha mguu. Akaomba autazame mguu huo. Ulikuwa mzima, hauna hata mchubuko. Ndipo kijana alipogeukia ukutani na kusema neno moja: "Hakunigusa."

Mashindano yenyewe yalikuwa ya mtaani tu: vijana wa upande wetu wa reli ya TAZARA dhidi ya wenzao wa upande wa barabara kuu iendayo Tunduma. Kiwanja ni cha vumbi, na mistari ya boksi huchorwa kwa majivu. Mbuzi alitolewa na wafanyabiashara wa sokoni, kwa kuwa wazazi tulikataa timu zichangie fedha za zawadi, tukihofia mchezo usije ukafanana na kamari. Tulikuwa waangalifu kiasi hicho juu ya uhalali wa mbuzi yule!

Timu zilikuwa zimefungana bao moja kwa moja. Mwanetu aliingia na mpira kwenye boksi kutokea kushoto. Beki wa upande wa pili, kijana wa rika lake ambaye wamewahi kukaa dawati moja, alinyoosha mguu kuufuata mpira, akaona amechelewa, akaurudisha. Mwanetu alituambia kwamba aliuona mguu ule ukija na akauona ukirudi. Hata hivyo alijiangusha, akapiga ukelele, akabiringika mara mbili. Mwamuzi, mzee mstaafu wa reli ambaye huchezesha vijana wetu bila malipo, alikuwa nyuma yao, na migongo ya wachezaji watatu ilimziba. Alichokiona ni mguu ulionyooshwa na mtoto aliyeanguka. Akapuliza filimbi.

Yule beki aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hakumgusa mtu. Aliapa mara nyingi, kwa sauti kubwa, mpaka akaonyeshwa kadi nyekundu. Penalti ikapigwa, bao likaingia, mchezo ukaisha. Na alipokuwa akitoka, wenzake wa timu moja walimsukuma na kumwita muuza mechi. Sisi tuliyaona hayo yote tukiwa pembeni. Tulicheka.

NANI ALIKUFUNDISHA?

Usiku ule baba alimuuliza swali ambalo kila mzazi angeliuliza: "Nani alikufundisha kuanguka vile?" Alitarajia kutajiwa jina la rafiki mbaya. Kijana alijibu kwa adabu, tena bila kuinua macho: "Baba, si huwa mnasema ni akili ya mpira?"

Hatukuwa na la kusema. Katika nyumba yetu, mshambuliaji wa timu tunayoishabikia akianguka ndani ya boksi, tunapiga makofi kabla ya kutazama marudio. Marudio yakionyesha kwamba hakuguswa, tunacheka na kusema ameitafuta penalti na ameipata. Akianguka wa timu pinzani, hata kama amekwatuliwa kweli, tunasema anaigiza. Watoto wamekaa kwenye mkeka mbele yetu miaka yote hiyo wakitusikiliza. Hatukuwahi kuwakalisha chini tukawafundisha kwamba uongo unaruhusiwa ukisemwa kwa mwili badala ya ulimi. Tuliwaonyesha tu, wiki baada ya wiki, na tukawaonyesha kwa furaha.

Na si hilo pekee. Msomaji ataukumbuka usiku wa Ijumaa, tarehe 5 Aprili 2024, Yanga ilipocheza na Mamelodi Sundowns mjini Pretoria katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tulikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Kombora la Aziz Ki liligonga mwamba wa juu, likadunda chini, na sisi tuliona kwamba mpira umevuka mstari. Bao halikukubaliwa. Mechi ikaisha bila bao, kama ile ya kwanza ya Dar es Salaam, na Yanga ikatolewa kwa mikwaju ya penalti 3 kwa 2. Usiku ule, katika masiku ambayo mwenye busara anayatafuta kwa dua, sisi tulimwita mwamuzi mwizi, tukamtukana yeye na waliomzaa. Watoto walikuwa macho. Huenda tulikuwa na haki ya kusikitika. Haki ya kutukana tuliitoa wapi?

Kwa hiyo mwanetu alikuwa amejifunza kwetu masomo mawili. La kwanza ni kwamba mwamuzi akikosea dhidi yetu, ni mwizi. La pili ni kwamba mwamuzi akikosea kwa ajili yetu, hasa tukimkosesha sisi wenyewe, ni ushindi. Mtu akiyaunganisha masomo hayo mawili, mwamuzi hana siku atakayosalimika. Mwezi Machi 2012, katika mechi ya Yanga na Azam jijini Dar es Salaam, wachezaji watu wazima walimpiga mwamuzi Israel Nkongo mbele ya halaiki. Watu wale nao walikuwa watoto siku moja, wakiwasikiliza wakubwa wao.

MWAMUZI HUHUKUMU KWA ANACHOKIONA

Tulipotulia tulianza kuzungumza na watoto wote wanne juu ya jambo lenyewe. Sheria za mpira wa miguu hazilinyamazii. Kanuni ya 12 inahesabu kumhadaa mwamuzi, kwa kujifanya umechezewa rafu au umeumia, kuwa mwenendo usio wa kimichezo, na adhabu yake ni kadi ya njano. Kanuni ya 5 nayo inasema uamuzi wa mwamuzi juu ya matukio ya mchezo ni wa mwisho. Anaweza kuubadilisha akitambua amekosea, maadamu mchezo haujaanza tena. Ukishaanza, imekwisha.

Tuliwapa mifano ya wakubwa, kwa sababu kijana huona kwamba kitendo cha mtu maarufu ni ruhusa. Tarehe 22 Juni 1986, katika Kombe la Dunia nchini Mexico, Diego Maradona aliufunga mpira kwa mkono dhidi ya Uingereza. Mwamuzi alikuwa Ali Bin Nasser wa Tunisia. Hakuuona mkono, akamtazama msaidizi wake, naye hakuonyesha ishara yoyote, na bao likahesabiwa. Maradona alikuja kukiri baadaye. Mwaka 2015 alimtembelea mwamuzi huyo nyumbani kwake Tunisia na kumpa jezi kama zawadi. Ni jambo la kiungwana, lakini tuhesabu miaka: 29. Kwa muda wote huo Mtunisia yule alibeba jina la mtu aliyekosea, ilhali aliyejua ukweli tangu sekunde ya kwanza alikuwa mwingine.

Mwaka 2002 huko Ulsan, Korea Kusini, katika dakika za mwisho za mechi ya Brazil na Uturuki, Hakan Ünsal alimpigia Rivaldo mpira kwa hasira, ukamgonga mguuni. Rivaldo akaanguka ameshika uso. Mturuki akatolewa kwa kadi nyekundu. FIFA ilimtoza Rivaldo faini, lakini aliendelea kucheza na Brazil ikatwaa kombe. Mwanetu wa kwanza aliuliza: "Kwa hiyo alifaidika?" Ndiyo, alifaidika. Hatukumficha. Dunia haimwadhibu kila mwongo siku ile ile.

Wengine huadhibiwa na watu wao. Septemba 1989, katika uwanja wa Maracanã, kipa wa Chile Roberto Rojas alijikata usoni kwa wembe aliouficha kwenye glovu baada ya fataki kuanguka karibu naye, ili ionekane imemjeruhi na mechi ivunjike wakati timu yake ikiwa nyuma. Ukweli ulipobainika alifungiwa maisha, kifungo kilichokuja kuondolewa mwaka 2001, na Chile ikazuiwa kushiriki safari ya Kombe la Dunia la 1994. Vijana ambao hawakushika wembe wowote waliikosa ndoto yao.

Lakini mfano ulioigusa nyumba yetu kuliko yote haukutoka katika mpira. Katika mafunzo ya Mtume wetu (s.a.w.), yaliyopokewa kwa Ummu Salama (r.a.), limo fundisho ambalo maana yake ni hii: hata yeye alipoletewa mashauri alihukumu kama binadamu, kwa yale aliyoyasikia, na huenda mmoja wa wagombanao akawa hodari zaidi wa kujieleza kuliko mwenzake. Basi aliyepewa haki ya nduguye kwa njia hiyo asiichukue, kwa kuwa alichokipata ni moto.

Tulilisoma fundisho hilo mara nyingi tukidhani linahusu mashamba, mirathi na madeni. Usiku ule tuliona linaingia hadi kwenye boksi la majivu la Iyunga. Mzee wetu wa reli alihukumu kwa kilichomfikia machoni. Hana lawama. Filimbi yake ililazimisha timu zote mbili, na ilipasa iheshimiwe. Lakini filimbi haikuigeuza haki ya yule beki kuwa yetu. Uamuzi wa mwamuzi humaliza ubishi wa kiwanjani. Haumsafishi aliyempa mwamuzi ushahidi wa uongo, na mwili ulioanguka bila kuguswa ni ushahidi wa uongo.

KURUDISHA KISICHORUDI

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Haki ya mja hairekebishwi kwa kumwomba Mungu msamaha tu; sharti mwenye haki aridhishwe. Ubingwa ungerudishwaje? Mbuzi alikwisha kuliwa, sehemu yake ikiwa matumboni mwetu.

Siku ya pili baada ya Alasiri tulikwenda, sisi wawili na kijana wetu, nyumbani kwa yule beki. Mama yake alitukaribisha vizuri, akidhani tumekuja kumjulia hali. Tulipomweleza kilichotuleta alimwita mwanawe. Kijana wetu alisema kwa sauti ndogo: "Ndugu yangu, hukunigusa. Nilijiangusha. Naomba unisamehe." Yule mwingine alitazama chini kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Mimi nilijua. Wao ndio hawakujua." Hakusema amesamehe, na hatukumshurutisha. Mama yake alitueleza kwamba tangu Jumapili hajataka kutoka nje, na kwamba hata mdogo wake anamtania kwa jina la muuza mechi.

Jibu lile lilituonyesha njia. Msamaha wa chumbani usingetosha, kwa kuwa aibu ilikuwa ya kiwanjani. Tukaenda kwa mzee mwamuzi. Tuliingia kwa shikamoo, na baba akaanza kwa kumwomba radhi kwa matusi ambayo sisi mashabiki tulimrushia wiki moja kabla, alipolikataa bao letu katika nusu fainali. Mzee alicheka kidogo, akasema ameyazoea. Ila mwanetu alipokiri, hakucheka tena. Akaitoa filimbi mfukoni, akaizungusha mkononi, akasema: "Mjukuu wangu, yule mtoto aliniapia kwa jina la Mungu nikampa kadi nyekundu. Nilidhani anaapa uongo." Akanyamaza. Tuliona kwamba macho yake yamelowa. Hilo mwanetu hakulitarajia. Alikuwa amefikiri kwamba aliyemdhulumu ni mmoja.

Mzee ndiye aliyeamua kwamba maneno yale yasemwe kiwanjani, mbele ya timu zote mbili. Jioni ya siku ya mazoezi aliwakusanya vijana, akamsimamisha mwanetu katikati. Kijana alitetemeka, lakini alisema yote. Baadhi walicheka. Wenzake wa timu walikasirika, mmoja akamwambia amewaaibisha bure kwa jambo lililokwisha pita. Wale wa upande wa barabara walidai mechi irudiwe. Mzee alikataa, akaeleza kwamba mchezo uliokwisha chezwa haurudi. Kisha akamwita yule beki, akamwambia mbele ya wote: "Kadi niliyokupa ilikuwa kosa langu. Ulisema kweli." Hatujapata kumwona mtu mzima akimwomba mtoto radhi kwa namna ile. Na toka siku hiyo hatujasikia tena jina la muuza mechi likiitwa mtaani.

Tulinunua nyama kiasi kile kile kilichoingia nyumbani kwetu, tukaipeleka kwa mama wa beki ndani ya bakuli lenye kifuniko. Siku ya tatu bakuli lilirudi limejaa maharage. Ndivyo walivyotulea wazee wetu: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Vijana wawili wale hawajawa marafiki kama zamani, na sisi hatuwezi kuwaandikia moyo. Lakini wanasalimiana.

MUDA MFUPI KABLA YA MKWAJU

Mwanetu alituambia jambo moja ambalo tungependa kila kijana anayecheza alizingatie. Kati ya filimbi na mkwaju wenyewe palipita labda dakika moja. Mpira ulikuwa unawekwa, beki alikuwa anaapa, mzee alikuwa anatafuta kadi mfukoni. Kwa dakika ile nzima, alisema, neno "hakunigusa" lilikuwa limemjaa kinywani, na alijua kwamba likitoka kila kitu kitarudi mahali pake.

Wapo waliolitoa. Machi 2014 nchini Ujerumani, Aaron Hunt wa Werder Bremen alijiangusha katika mechi dhidi ya Nürnberg, akapewa penalti, kisha akamwendea mwamuzi na kumwambia ukweli. Penalti ikafutwa. Miaka 17 kabla, Machi 1997, Robbie Fowler wa Liverpool alimwambia mwamuzi kwamba kipa wa Arsenal hakumgusa. Mwamuzi hakubadili uamuzi, penalti ikapigwa, lakini Fowler alikuwa amekwisha kusema lake. Tulipomsimulia mwanetu habari hizi, alifikiri kisha akasema: "Lakini hao timu zao zilikuwa zinaongoza." Ni kweli, zote mbili zilikuwa zinaongoza. Hatukutaka kumdanganya kwamba kusema kweli ni kwepesi mnapokuwa sare, zimebaki dakika tatu, na mbuzi amefungwa kwenye mti pembeni ya goli.

Ugumu huo ndio tunaopaswa kuwaandaa nao. Watoto wa Iyunga wanakua wakisimuliwa habari za Mbeya City ya msimu wa 2013/14, iliyopanda Ligi Kuu na kumaliza nafasi ya tatu, na wengi wao wanaota kucheza siku moja pale Sokoine. Huenda mmoja akafika. Atakapofika, dakika ile kati ya filimbi na mkwaju itamkuta tena, mbele ya maelfu, na hatakuwa na muda wa kuja kutuuliza. Atajibu kwa alichokizoea nyumbani.

Kwa hiyo sisi tumeanza na sebule yetu. Tumeweka kanuni ndogo: mchezaji akianguka, hakuna kupiga makofi wala kuzomea mpaka marudio yaonyeshwe, na mwamuzi hatukanwi. Si kazi rahisi. Majuzi tu mshambuliaji wa timu yetu alianguka kwenye boksi, mwamuzi akaweka penalti, na mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka 6, akageuka kumtazama baba yake. "Baba, kaguswa?"

Marudio yakapita polepole. Baba angependa sana kusema ndiyo.

"Hakuguswa," akasema.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika makubwa na katika michezo, na atusamehe sisi wazazi yale tuliyoyafundisha bila kukusudia.